Upande wa Pili wa Chuma

"Tua," alisema Sajenti, na fremu ikashuka.

Watu sita waliipeleka chini kwa pamoja, kama wanavyotua kabati watu waliokwisha kuhama nyumba mara nyingi. Hakuna kona iliyotangulia, hakuna iliyochelewa. Mtu wa pini, aliyepiga goti pembeni, aliona tundu la fremu mpya likija kukaa mbele ya tundu la fremu iliyotangulia, akachomeka pini, akaigonga kwa nyundo, akanyoosha mkono juu kuonyesha kwamba imeingia. Daraja likawa limerefuka kidogo tena kuelekea ng'ambo. Chini ya turubai, wakubwa waliokuja kukagua mazoezi walitazamana, na mmoja wao akavua miwani ya jua ili aone vizuri.

Seremala hakuwaona. Alikuwa akimtazama Mnara, aliyeshika upande wa pili wa chuma chao cha kubebea, kilichopita chini ya fremu, na Mnara alikuwa akitazama pembeni kama mtu anayesubiri chai ichemke.

Koplo huyu aliitwa Seremala kwa sababu kabla ya jeshi alikuwa akitengeneza milango na vitanda. Jeshi lilimpa mto na vyuma, akavipenda kuliko mbao. Kuna watu wanaoingia kazini kwa shida na kazi ikawashika mpaka wanasahau njia ya kurudi. Yeye alikuwa mmoja wao. Hakuwa mtu wa kutulia. Akikaa, goti lilichezacheza. Akisimama, alihamisha uzito mguu huu hadi ule. Hata mezani kwake vidole vilikuwa vikipimapima ukingo wa meza. Mahali pekee ambapo mwili wake ulitulia ni chini ya mzigo, fremu ikiwa imeinuliwa na ng'ambo ikionekana.

Kazi ya daraja ina sheria moja isiyochezewa: sauti ni ya mtu mmoja. Sajenti husimama nyuma, mahali anapoziona kona zote, na wabebaji hutazama mbele. Mwingine hafungui mdomo, hata akikanyagwa. Ni sheria nzuri sana kwa mwenye masikio.

Seremala alikuwa nayo mawili, makubwa tu, yaliyomkaa vizuri chini ya kofia. Ila mashine ya kupasulia miamba na baruti za miaka mingi zilikuwa zimeyala kidogo kidogo, kimyakimya, kama mchwa wanavyokula fremu ya mlango huku rangi ikibaki inang'aa. Ndani ya chumba, ukiwa mbele yake, alikujibu kila kitu. Kando ya mto, jenereta ikinguruma, mtu akimwita kutoka nyuma, alisikia mvumo mtupu. Kwa daktari wa kambi alipita kila mwaka bila tabu, kwa kuwa daktari yule alikuwa mtu wa adabu, anayemtazama mgonjwa usoni anapomuuliza kama anasikia. Siku ambayo wangempima kwa mashine, daraja lingekuwa limekwisha. Angepelekwa stoo, akakae na mablanketi mpaka astaafu. Aliiogopa ile stoo kama watu wanavyoogopa kaburi, na hapa sitii chumvi.

Mnara alikuwa mwanamke mrefu kuliko wanaume wote wa timu, kwa hiyo jina lake halikuhitaji kamati. Alipokuwa mgeni kwenye timu, Seremala alichelewa kutua siku moja na fremu ikapita pembeni tu ya kiatu cha Mnara. Wengine walidhani jamaa ameteleza. Mnara alimtazama kwa muda, akaelewa. Kesho yake, amri ilipotoka, alikivuta chuma kidogo upande wake kabla ya kushuka, mvuto mdogo tu, kama mtoto anavyovuta nguo ya mama yake. Seremala aliusikia viganjani, akashuka. Toka siku hiyo ikawa hivyo kwa kila amri, na hawakuwahi kulizungumza. Ingekuwa aibu kulizungumza.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Timu nzima, bila kujua, ilijizoeza kusubiri. Sauti, mvuto, ndipo kushuka. Ndiyo maana walishuka kama mtu mmoja. Walikuwa wakishuka kwa mkono wa Mnara, na Sajenti nyuma yao akijisifu kwa sauti yake.

Wakubwa walipoondoka, Kapteni aliwapanga mstari. Aliongea huku akitembea, uso mara huku mara kule, na Seremala akaambulia maneno nusunusu. Aliona wenzake wakitabasamu, naye akatabasamu. Kisha akaona tabasamu la Mnara likikatika, na la kwake likabaki peke yake usoni, halina kazi.

"Amesemaje?" alimuuliza walipovunja mstari.

Mnara aligeuka, akasimama mbele yake kama alivyozoea. "Anasema timu kama sisi ni dhambi kuifungia sehemu moja. Kuanzia kesho tunagawanywa. Kila mtu timu yake, tukawafundishe wenzetu."

"Wewe na mimi?"

"Kila mtu timu yake, kaka."

*

Asubuhi Seremala alijikuta ameshika chuma na mtu mnene, mcheshi, mwenye jasho jingi, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuvuta kitu chochote. Aliweka macho kwenye mabega ya aliyekuwa mbele yake. Mabega yakiinuka, akainua. Yakilegea, akatua. Shingo ilimkakamaa, kope zikamuuma kwa kuogopa kupepesa, na kila fremu iliyofika chini salama aliichukua kama zawadi. Mtu mnene akamwambia wakati wa kunywa maji, "Koplo, wewe kazi yako unaifanya kwa hasira." Seremala akacheka, akatazama mto wote kumtafuta Mnara. Timu yake, chini ya Sajenti yuleyule, ilikuwa upande wa chini, karibu na jenereta.

Mlio hakuusikia. Alichokiona ni mabega ya mbele yakigeuka bila amri, kisha vichwa vyote vikielekea upande mmoja, kama majani upepo unapobadilika. Akageuka naye. Kule chini fremu ilikuwa imelala upande, kona moja chini na nyingine hewani, na Mnara amesimama ameishikilia ile kona ya hewani peke yake. Pembeni, mtu wa pini amejikunja chini, mkono ameubana katikati ya mapaja.

Mtu wa pini alikuwa Mpishi. Alihamia madarajani kutoka jikoni kwa kuomba mwenyewe, akisema amechoka kuwashibisha watu wanaofanya kazi halafu yeye asiifanye. Vidole vyake viwili vilikuwa vimepondwa kati ya chuma na chuma.

Walipomtoa, Sajenti aliwaita wote, akamsimamisha Mnara mbele juani. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akikasirika sauti yake hushuka. Seremala alisogea mpaka akapata mahali pa kuona midomo.

"Nimesema tua. Watano wameshuka, wewe umebaki juu. Ulikuwa unasubiri nini?"

Mnara alitazama buti zake.

"Nakuuliza kwa wema. Ulikuwa unasubiri nini?"

"Sijui, afande."

Alijua. Na Seremala, amebanwa katikati ya watu, alijua. Mnara alisikia amri kama wenzake, akakivuta chuma kama alivyokivuta misimu yote, akasubiri upande wa pili umjibu. Lakini upande wa pili palikuwa na mtu mwenye masikio yake, aliyekwisha kushuka. Mkono wa Mnara ulikuwa ukimsubiri yeye, Seremala, ambaye hakuwepo.

Na kitu kibaya zaidi, ambacho asingemwambia mtu, ni kwamba alipogeuka mara ya kwanza na kuona ajali si ya timu yake, moyo wake ulikuwa umefurahi.

*

Adhabu ilitoka kabla ya chakula cha mchana. Uzembe. Mnara angeondolewa madarajani, na jina lake, lililokuwa limepitishwa kwenda kozi ya wakufunzi, lingefutwa. Alikuwa ameingoja kozi ile kama mtu anavyongoja mvua, na timu yote ilikuwa ikimwita mwalimu kwa utani.

Seremala alimkuta kwenye mabomba, anaosha matope kwenye buti ambazo hazikuwa na matope tena.

"Nakwenda kusema," alisema.

Mnara alifunga bomba, kwa sababu maji yakitiririka Seremala hasikii. Hata sasa alikumbuka. "Kusema nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Kwani wewe ulikuwepo?"

"Usinifanyie hivyo, dada yangu."

"Nakufanyia nini? Vidole vya Mpishi vitarudi ukisema? Mimi bado kijana, wakinitoa hapa nitaanza kwingine. Wewe wakikutoa unakwenda wapi? Stoo?" Akatazama kando, kisha akamrudishia uso. "Na wakijua kwamba nilijua, unafikiri wataniacha? Nyamaza. Kunyamaza tumeshakuzoea."

Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomchoma. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Akaenda zahanati ya kambi. Mpishi alikuwa kitandani, mkono umefungwa bandeji ukawa mkubwa kama tikiti, uso umesawajika kwa dawa. Alifurahi kupata mgeni.

"Jikoni niliungua, nikajikata, nikamwagikiwa na uji," alisema. "Miaka yote vidole vikawa kumi. Nimekuja kwenu mnakojisifia umoja, mmenipunguzia."

Seremala hakuweza kucheka.

"Yule Mnara wako mwambie sina kinyongo naye. Kweli kabisa. Ila namfikiria. Nilimwona, Koplo. Amesimama na mzigo mkononi, ametulia, wala hakushtuka. Kama mtu anayengoja aitikiwe." Mpishi alilamba midomo iliyokauka. "Nataka tu kujua alikuwa anangoja nini. Nikijua hilo nitalala."

"Utajua," alisema Seremala, akaondoka kabla hajaulizwa lingine.

Nyumbani, jioni, mke wake alikuwa kwenye cherehani akishona sare za shule. Alimwona mumewe akiingia, akitoka, akiingia tena, akihamisha kiti, akikirudisha. Akaondoa mguu kwenye pedeli, akageuza stuli ili waangaliane.

"Sema, baba watoto. Utatoboa sakafu."

Akamweleza yote, mvuto wa chuma na vidole vya Mpishi, huku akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Mke alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mke alitikisa kichwa.

"Kumbe. Miaka yote nakusikilizia mimi. Akibisha mtu mlangoni mimi, mtoto akilia mimi, dukani bei wanataja mimi nakurudia. Najiona mke mwema kuliko wote. Kumbe kazini kuna mwanamke mwingine anafanya kazi hiyohiyo, na hata asante hujapata kumpa."

"Unanitania wakati huu?"

"Nisipokutania nitalia." Alichukua kipande cha kitambaa, akakikunja, akakikunjua. "Sikwambii useme, sikwambii unyamaze. Daraja lako ulipende wewe, mimi nalionea wivu tu. Lakini nitakuuliza kitu. Huyo dada angekuwa binti yako, leo ungekuwa unatembea humu ndani?"

Seremala akakaa. Goti likaanza kucheza. Mke wake aliliwekea mkono, likaendelea kucheza chini ya mkono wake, na wakakaa hivyo mpaka watoto walipoingia kuulizia chakula.

*

Kesho yake Kapteni alimsikiliza mpaka mwisho, viwiko mezani. Sajenti alikuwa nyuma, ameegemea mlango. Kisha Kapteni akacheka kidogo, bila ubaya.

"Husikii. Na hapa tunaongea nini?"

"Hapa nakuona mdomo, afande. Na chumba kimetulia."

"Koplo, juzi nilisimama na wakubwa nikawaangalia. Fremu ilishuka kama imeshikwa na mtu mmoja. Leo unaniambia mmoja wenu ni kiziwi?"

"Alikuwa ananivutia chuma. Amezoea kunivutia, na jana alipovuta sikuwepo. Hilo ndilo kosa lake, afande, kunibeba."

"Mnalindana," alisema Kapteni. "Na nalipenda hilo, nakwambia ukweli. Ndilo tunalowafundisha. Lakini ukimlinda mwenzako kwa uongo, umenipa mimi maiti siku nyingine."

Ndiyo hali aliyojikuta nayo. Alikuwa ameficha kwa ustadi mno, sasa ukweli wake haununuliwi hata kwa bure. Akamwona Kapteni akitazama juu ya bega lake, akajua Sajenti anasema kitu. Alisubiri. Kapteni alimrudia.

"Umesikia alichosema?"

"Hapana, afande."

"Kutosikia hata mimi naweza nikitaka." Kapteni akasimama, akachukua kofia. "Sajenti anasema mdomo unadanganya, magoti ya mbeba daraja hayadanganyi. Neno tua kalisema mara nyingi mno masikioni mwako. Ukilisikia neno hilo magoti yatakunjika yenyewe, upende usipende. Hatukuambii atasema saa ngapi. Yakikunjika, wewe ni mwongo na adhabu ya yule dada inabaki palepale. Yasipokunjika, nitakuamini, na unajua maana yake."

"Najua, afande."

Walikwenda mtoni alasiri. Mto ulikuwa umejaa, na jenereta ilikuwa kazini. Mnara aliitwa aje ashuhudie. Alikuja akasimama mbali na wote, hakumtazama Seremala. Sajenti alimpa Seremala chuma cha kubebea akishike kwa mikono miwili mbele ya mapaja, kana kwamba kuna fremu juu yake, akamgeuza uso kwenye maji. Mbele hapakuwa na mabega ya mtu. Palikuwa na mchanga, kisha maji, kisha daraja lao nusu, limetoka ukingoni na kuishia hewani.

Alisubiri. Mvumo ulimjaa kichwani, wa mto au wa jenereta au wa damu yake, hakuweza kuutenganisha.

Ndipo akaviona vivuli. Jua lilikuwa mgongoni mwao wote, limeanza kuinama, likawatupa mbele yake juu ya mchanga: kivuli kipana cha Kapteni, kile kirefu ambacho kisingeweza kuwa cha mtu mwingine isipokuwa Mnara, na katikati kivuli cha Sajenti. Sajenti ana desturi ya kunyanyua mkono kidogo anapotoa amri. Wabebaji hawauoni kwa sababu yuko nyuma, Seremala aliuona siku za kupumzika pembeni, na mwenyewe sidhani kama anajua.

Mkono wa kile kivuli ulikuwa chini. Ukasogea. Seremala alisikia goti lake la kulia likijibu kabla hajafikiri, likilegea kama mlango ambao komeo halijakaa sawa, akalikaza kwa nguvu zake zote. Lilikunjika? Hakujua. Mkono wa kivuli ulifika usoni, ukajifuta jasho, ukashuka. Haikuwa amri. Sajenti alikuwa akijifuta jasho tu.

Jasho lake mwenyewe likaanza kumtiririka. Miaka yote alikuwa ameufundisha mwili huu kuiba: bega, kope, pumzi ya jirani, chochote kilicho karibu. Na sasa, siku moja ambayo alitaka usiibe, mwili ulikuwa macho kuliko wakati wowote, ukitazama mchanga kwa njaa. Mkono ukinyanyuka kweli, magoti yatakunjika. Atakuwa amefaulu, ataonekana anasikia. Kesho atakuwa hapa hapa, chini ya fremu, ng'ambo ikionekana. Hakuna atakayemlaumu, alikuja mwenyewe, alisema mwenyewe, hawakumwamini. Hata mke wake asingekuwa na la kusema.

Kile kivuli kirefu kilikuwa hakijasogea hata kidogo.

Seremala alilitazama daraja kwa mara nyingine, lile nusu lililokuwa likingoja fremu, akafumba macho.

Vivuli vikaondoka. Ukabaki mvumo, na uzito mdogo wa chuma viganjani, ambao hakuna aliyeuvuta. Hakujua kama Sajenti ameshasema, au anajiandaa kusema, au amesema mara nyingi na wote wamesimama wanamwangalia. Upepo ulipita shingoni. Magoti yalitaka kutetemeka, akayaacha yatake. Akaendelea kusimama, macho amefumba, akingoja mtu aje amguse bega.